Mlango Uliorukwa

Neno lenyewe Aimée alilipenda tangu siku ya kwanza. Circonstances atténuantes. Mwalimu wao wa sheria ya jinai kule Goma alilitamka bila kuinua macho, akaendelea na mengine. Lakini Aimée, aliyekuwa amekaa nyuma koti lake likichuruzika maji ya mvua, aliona kana kwamba mtu amesukuma dirisha katika jiko lililojaa moshi. Kumbe sheria nayo inajua kuuliza mtu alifikaje pale alipofika. Kumbe kati ya mwenye hatia na asiye na hatia kuna njia nyembamba, ambayo mtu anaweza kuipita na mzigo wake kichwani, akafika.

Sasa alikuwa Kibabi, kijiji cha milima ya Masisi, na neno lilikataa kugeuka Kiswahili.

"Mama Nishimwe, sikiliza," alisema. Walikuwa wamekaa juu ya gogo mbele ya kachoti ya polisi, chumba kimoja cha mbao chenye mlango wa bati. Ndani alikuwamo Védaste, mume wa Nishimwe. "Mahakama itasafiri kutoka Goma, itakuja kusikiliza kesi hapa hapa. Mimi sitasema Papa Védaste hakufanya. Amefanya, na mwenyewe amekubali. Nitaleta sababu zinazopunguza."

"Zinapunguza nini? Mutoto amekufa. Kifo inapunguka?"

"Kifo hakipunguki. Unapunguka uzito wa kosa lake."

"Hiyo njo kusema hana kosa."

"Ana kosa, Mama."

"Sasa kama iko na kosa, unataka kuongeza nini tena, Maître?"

Maître ndilo jina wanaloitwa mawakili wote huko, hata huyu aliyemaliza chuo mwaka jana na ambaye viatu vyake bado vilikuwa vya kanisani. Aimée alimtazama Nishimwe akikung'uta vumbi kwenye sahani ya viazi aliyomletea mumewe, akaona aibu kidogo, maana yeye alikuja na neno na mwenzake alikuja na chakula.

Habari yenyewe ilijulikana kila kilima. Védaste aliumaliza ujana wake Walikale, akibeba mgongoni mawe ya kasiteriti, madini ya bati, kutoka msitu wa Bisie, mpaka mitambo ilipoingia na wabebaji wakaambiwa warudi kwao. Alirudi Kibabi na mabega yaliyopinda. Shamba la baba yake lilikwisha kuwa malisho ya tajiri mmoja aishiye Goma, basi akaomba kulima ukingo wa bonde, na malipo yake yawe kutengeneza uzio wa ng'ombe. Walikubaliana kwa mdomo. Maharage yalipoanza kushika maganda, amri ikaja kwa simu: ng'ombe waingie bondeni. Rukundo, mchungaji, akafungua mlango wa uzio kama alivyoagizwa. Kufikia adhuhuri hapakubaki hata jani la kufunikia yai.

Kesho yake Védaste alimwaga dawa ya kupe katika birika la maji ya chumvi wanayonyweshwa ng'ombe. Alitaka ng'ombe afe, na ng'ombe akaanguka. Lakini katika milima ile ng'ombe aliyeanguka haachwi akate roho mwenyewe. Kisu huwahishwa kabla ya pumzi ya mwisho, ili nyama isihesabiwe kuwa mzoga, na jua halijasogea watu wanaonekana wakishuka na vifurushi vya majani ya migomba. Maini na matumbo ni haki ya mchungaji. Rukundo alikwenda nayo nyumbani kwa furaha. Kwa kisu chake mwenyewe alimkatia ini, kabla wakubwa hawajaonja, binti yake Shekinah, aliyekuwa na miaka sita na aliyependa ini kuliko kitu chochote. Jioni mtoto akafa.

Mwendesha mashtaka alikwisha kutangaza kwamba ataomba kifungo cha maisha.

Mwisho wa juma Aimée alipanda pikipiki kurudi Masisi-centre, kwa baba yake. Papa Archange alitoka Butembo kitambo, akafungua duka la chumvi, sabuni na mabati, na kwa maoni yake hakuna jambo duniani lisiloelezeka kwa biashara. Alimsikiliza bintiye huku akimpimia mteja chumvi.

"Mbona neno lako ni rahisi," alisema. "Muntu anaingia hapa. Kama anasema 'sina haja na hii bati,' hakuna mazungumzo, aende zake. Lakini kama anasema 'Papa, punguza,' yule amekwisha kukubali. Amekubali bati ni yake na bei ni yake. Anaomba tu nimwangalie usoni."

Mteja alicheka. "Na wewe unapunguzaka siku gani, Papa Archange?"

"Siku nikikuangalia usoni nikakuta uso."

Aimée naye akacheka, ila maneno yale aliondoka nayo. Anaomba tu nimwangalie usoni. Siku zilizofuata aliyabeba kila nyumba aliyoingia kule Kibabi akitafuta chochote cha kumfanya hakimu amtazame Védaste usoni. Watu walimkaribisha, wakampa maziwa, wakanyamaza. Mpaka alipofika kwa Anastasie, mjane aliyekaa juu kabisa, karibu na msalaba wa zamani wa misheni.

"Védaste alikuja hapa ile siku," Anastasie alisema. "Alikuwa anakimbia kama muntu mwenye kufukuzwa na nyuki. Akapiga teke sufuria yangu, nyama yote ikamwagika kwenye majivu. Nikamutukana. Akasema, 'Mama, nitukane, lakini musikule.' Kisha akashuka kukimbia mpaka kwa mwalimu, kule chini kwenye mto. Na kule akamwaga sufuria. Bila ile teke, mimi na bajukuu bangu tuko kwenye udongo."

Aimée alitaka kumkumbatia. Hiyo ndiyo! Mtu aliyetega sumu, akaona nyama inagawanywa, akakimbia kuokoa watu huku akijua kwamba kila sufuria anayoimwaga ni ushahidi juu yake mwenyewe. Kama hiyo haipunguzi, nini kitapunguza? Alishuka kilima akiimba moyoni. Alimweleza Nishimwe, na safari hii Nishimwe alilielewa neno mara moja, akalishika kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa kamba ndani ya kisima. Walifanya mazoezi. "Nikiulizwa, nitasema alikimbia kwa Anastasie na kwa mwalimu," Nishimwe alirudia. Aimée akampongeza. Jambo moja tu hakufanya: hakuitembea njia ile, kutoka kwa Anastasie mpaka kwa mwalimu, akatazama kulia na kushoto.

Siku chache kabla ya mahakama kufika, Mzee Ngabo, baba mdogo wa Védaste, alikusanya watu wa ukoo, Nishimwe akiwamo, kwenda kwa Rukundo kuomba radhi. Aimée aliomba kufuatana nao. Mzee alimkubalia, lakini kabla hawajaondoka aliwasimamisha barabarani.

"Desturi munaijua, lakini nitasema kwa ajili ya huyu mutoto ya masomo. Tunaingia, tunakaa chini, siyo kwenye kiti. Ninasema 'tumekosa.' Kisha tunanyamaza. Bakitupatia maji, tunakunywa, na Mungu iko mukubwa. Bakikosa kutupatia, tunarudi siku ingine. Lakini hakuna kusema sababu. Sababu zinabaki hapa kwenye barabara. Mwenye kuleta sababu hajakuja kuomba, amekuja kujibishana."

"Hata sababu nzuri, Papa?" Aimée aliuliza.

"Hiyo nzuri njo mbaya kupita yote."

Nyumba ya Rukundo ilikuwa katikati ya mteremko, mlango wake ukitazama njia, na mbele yake uzio mfupi wa mianzi. Mukandori, mama wa Shekinah, alikuwa uani akichambua maharage kwenye ungo. Rukundo alikaa pembeni, mikono katikati ya magoti. Walisema tangu siku ile hajashika kisu. Hata kiazi alikuwa akimenyewa.

Waliingia, wakakaa chini. Mzee Ngabo akavua kofia. "Tumekosa," alisema.

Ungo uliendelea. Bovu moja huku, zima moja kule. Wingu lilipita juu ya kilima, ua ukawa giza, ukawa mwanga tena. Aimée, ambaye maisha yake yote aliamini kwamba ukimya ni mahali ambapo neno linakosekana, alianza kuhisi kwamba ukimya huu ulikuwa umejaa, na kwamba kitu fulani kilikuwa kikisogea ndani yake polepole kama ng'ombe mzito anayejaribu kuinuka.

Mwishowe Mukandori aliweka ungo chini, akaingia ndani, akatoka na kikombe cha maji. Hakumpa Mzee. Alikwenda moja kwa moja kwa Nishimwe, mwanamke mwenzake, akamnyooshea.

Nishimwe alikipokea. Angekunywa tu. Angekunywa, wakarudi nyumbani. Lakini shukrani nazo ni mzigo, na Nishimwe alikuwa amebeba mingi. Na ulimini mwake lilikuwa limelala lile somo jipya, limefanyiwa mazoezi, tayari kuruka.

"Asante, Mama, asante," alianza, machozi yakimtoka. "Mungu akulipe. Bwana yangu haiko munyama ya pori, Mama. Roho ilimuchoma. Alikimbia! Alikimbia kwa Anastasie akamwaga nyama, akakimbia kwa mwalimu akamwaga na kule, akasema musikule, musiku—"

Mzee Ngabo alifumba macho.

"Kwa Anastasie," Mukandori alisema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama anayeuliza bei. "Ni kule juu."

"Ndiyo, Mama."

"Na mwalimu, kule chini."

Mukandori aligeuka, akautazama mlango wake mwenyewe, kisha njia inayopita mbele yake, njia moja tu, iliyotoka juu na kwenda chini. Wote wakaitazama.

"Sasa hapa alipita namna gani?" Mukandori aliuliza. "Aliruka?"

Akachukua kikombe kutoka mikononi mwa Nishimwe, taratibu, bila kumnyang'anya. Akamwaga maji chini, mpaka tone la mwisho, akaingia ndani. Kati ya wenye nyumba alibaki Rukundo peke yake, na alikuwa akilia bila sauti, mdomo wazi.

Siku iliyofuata Aimée alikwenda kachoti. Askari alimtoa Védaste, wakakaa kwenye lile gogo. Alikuwa mtu wa makamo, mrefu, lakini Bisie ilikuwa imemkunja, na alipokaa kidevu chake kilikaribia magoti.

"Walikuambia?" Aimée aliuliza.

"Nishimwe aliniambia."

"Kwa nini hukuingia kwao, Papa?"

Védaste alivunjavunja kijiti. "Nilisimama kwenye uzio. Mulango ilikuwa wazi. Nilisikia mutoto anacheka. Baba yake alikuwa anamwambia, 'Ngoja ipoe kwanza, itakuchoma.' Nikasema ndani ya roho: huyu njo alifungulia ng'ombe. Acha na yeye aumwe na tumbo. Sikuwaza kifo, Maître. Niliwaza tumbo. Kisha nikaendelea kukimbia."

Aimée aliyajua tayari maneno ambayo mahakama ingeweza kuyapokea. Yalikuja yenyewe, yamepangika, ya kisheria. Alisema kwa upole, "Rukundo alikuwa na kisu. Ametoka kuchinja. Uliogopa. Mtu yeyote angeogopa. Ukisema uliogopa, Papa, hiyo ni sababu."

"Woga ilikuwa, ndiyo." Védaste alitafakari kwa haki, kama anayepima kitu cha mwingine. "Lakini ilikuwa kidogo."

"Hakuna anayeweza kuipima."

"Mimi ninaweza."

Aimée alirudi parokiani alikolala, akaomba, na sala haikumpa jibu. Alijiambia kwamba kazi ya mtetezi ni kutetea. Kwamba Nishimwe ana watoto. Kwamba woga ulikuwapo, hata kama ni kidogo, na kidogo si uongo. Hilo la mwisho lilimtisha, kwa jinsi lilivyokuwa tamu.

Mahakama iliketi katika ukumbi wa parokia, siku ya mvua. Mabati yalinguruma, hata karani ikabidi apaze sauti. Anastasie alisema yake: teke, majivu, wajukuu. Mwalimu alisema yake. Aimée alimwona hakimu akilegea uso na kuandika kitu. Mwendesha mashtaka akasimama, akamwita Mukandori, akamuuliza kama familia ina neno.

Mukandori alisimama na kitenge chake cha msiba. "Mulango yangu iko katikati," alisema. Akakaa.

Hakimu hakuelewa. Mwendesha mashtaka akamweleza, kwa Kifaransa kizuri, juu ni wapi na chini ni wapi.

"Mshtakiwa asimame," alisema hakimu. "Ulipita mbele ya nyumba hiyo. Kwa nini hukuwaonya?"

Aimée aliinuka kabla hajajua ameinuka. "Mheshimiwa, mteja wangu alikuwa—"

"Maître," Védaste alisema. "Acha."

Alisema bila hasira, kama mtu anayemwambia mwenzake aushushe mzigo. Aimée alibaki wima, neno woga mdomoni, na huko nyuma alimwona Nishimwe akimsihi kwa macho: sema, sema. Alikuwa na nafasi ya pumzi moja. Akakaa.

Védaste hakumtazama hakimu. Aligeuka mzima mzima, na pingu zake, kuelekea benchi la Mukandori na Rukundo.

"Ongea na mahakama," karani alisema.

"Nilisimama kwenye uzio yenu," Védaste aliwaambia wale wawili. "Nilisikia sauti ya mutoto. Nikapita. Nimekosa. Sina sababu."

Kisha akakaa chini, sakafuni, siyo kwenye kiti.

Aimée alitetea hata hivyo, maana ilikuwa kazi yake. Alisema habari za bonde na maharage, za mabega yaliyopindia Bisie, za amri ya simu iliyotolewa na mtu ambaye hakuwamo ukumbini na wala hataitwa. Alisema kwamba nyumba mbili zina watu hai kwa sababu ya huyu. Habari za woga hakugusa.

Hukumu ilisomwa baada ya chakula. Karani aliisoma kwa Kifaransa, na kati ya maneno mengi Aimée alilisikia lile lake, circonstances atténuantes, likipita haraka kama pikipiki isiyosimama. Miaka kumi na mitano. Haikuwa maisha. Nishimwe aliambiwa ashukuru, akaangua kilio. Mkubwa wa watoto wake alikuwa na miaka minane.

Nje, watu walijibana chini ya paa wakingoja mvua ipungue. Mukandori alisimama peke yake mwisho wa ukuta. Aimée alimkaribia, ingawa hakujua anaendea nini.

"Wewe njo mutoto ya Papa Archange wa chumvi," Mukandori alisema bila kugeuka.

"Ndiyo, Mama."

"Ile neno ya Kifaransa, ile uliombea nayo. Maana yake nini?"

Aimée alifikiria bati na bei ya baba yake, akaona haviwezi kusimama mbele ya mwanamke huyu. "Maana yake ni... kosa linabaki kosa, Mama. Haligeuki kuwa kitu kingine. Lakini mahakama inakubali kwamba si kali kama ambavyo lingekuwa peke yake."

Mukandori aliwaza. Alikuwa mke wa mchungaji. Maisha yake yote alikuwa amebeba maziwa kwa wanunuzi ndani ya bidoni, yale madumu ya plastiki, na wanunuzi walikuwa wameyapima mbele yake.

"Kama maziwa yenye kutiwa maji," alisema.

"Ee... labda, Mama."

"Inabaki nyeupe. Inajaza bidoni. Lakini ukitikisa haitoe siagi, na jibini haishike." Alifuta matone usoni, kama ni ya mvua. "Serikali inaweza kukunywa hiyo. Mimi siwezi."

Aimée aliinamisha kichwa. "Nisamehe, Mama. Mimi njo nilimufundisha Nishimwe kusema vile."

"Nilijua. Nishimwe hawezi kusema mistari mirefu vile, tunafahamiana tangu ubatizo." Kwa mara ya kwanza kitu kilisogea pembeni mwa mdomo wake, kikatoweka. "Wewe ulitaka kusema kitu leo. Ulisimama."

"Ndiyo."

"Ukakaa."

"Ndiyo, Mama."

Askari walimtoa Védaste kwa mlango wa pembeni, wakampandisha kwenye gari la kwenda Goma. Hakuinua kichwa. Mukandori alilitazama gari lile likiteleza kwenye matope mpaka likapotea kwenye kona.

"Leo njo amefika kwangu," alisema. "Amechelewa. Lakini amefika."

Mvua ikawa manyunyu. Watu walianza kutawanyika. Nishimwe naye alitoka chini ya paa, akajifunika shuka kichwani, akasimama kando ya njia akimngoja Mukandori atangulie, kwa kuwa njia ya kurudi juu ilikuwa ile ile moja, na hakuwa na uso wa kutembea mbele yake.

Mukandori alimpita. Kisha akasimama, mgongo ukiwa bado umemwelekea.

"Nishimwe."

"Karame, Mama," aliitika.

"Kila siku utapita kwangu kuteka maji. Usipite kimya. Ukifika kwenye uzio, sema hodi."

Nishimwe alifungua mdomo, akaufunga. Safari hii hakusema kitu.

"Sitaitika," alisema Mukandori. "Lakini sema."

Akaanza kupanda. Nishimwe akamwacha asogee, kisha akafuata. Aimée alisimama mbele ya ukumbi, viatu vyake vya kanisani vimejaa matope, akiwatazama wanawake wale wawili wakipanda kilima, mmoja mbele, mmoja nyuma. Ukungu ulimfunika wa mbele. Kisha ukamfunika wa nyuma, akiwa bado hajafika kwenye uzio.